Kupokezana Zamu Katika Mazungumzo ya Kiingereza: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu wa Darasa la Jinsia Moja

Walimu wengi wa Kiingereza wanaofundisha wasichana watupu au wavulana watupu hukwama pahali pamoja. Wanawagawa wanafunzi kwenye vikundi, wanawapa mada nzuri, wanasema "Discuss", kisha wanachokisikia si mazungumzo. Ama ni foleni ya hotuba, kila mmoja akitoa yake na kunyamaza, ama ni makelele ambamo wawili wanazungumza na waliobaki wanachungulia dirishani. Mwalimu anawahimiza wajiamini. Wiki inayofuata mambo ni yale yale.

Mara nyingi kujiamini sicho kinachokosekana. Kinachokosekana ni ustadi wa kupokezana zamu: kutambua kwamba mwenzako anakaribia kumaliza, kuandaa la kusema kabla hajamaliza, kuingia kwa wakati, kuishika zamu ukishaipata, na kumpa mwingine. Ustadi huo unafundishika, na hatua zifuatazo zimepangwa kwa ajili hiyo. Kwa vipindi viwili kila wiki, tenga wiki sita hivi.

## Vitu vya kuandaa

- Kinasa sauti kwa kila kikundi. Simu inatosha. Kama ni moja tu, nasa kikundi kimoja kwa kila kipindi.
- Saa inayohesabu sekunde.
- Mazungumzo halisi ya Kiingereza yaliyonaswa, ya dakika mbili au tatu, ya watu wawili au watatu. Usitumie yale ya kitabu cha kiada, maana humo kila mtu humsubiri mwenzake amalize, husema sentensi kamili, na hakuna anayeguna. Mahojiano yasiyosomwa kwenye karatasi yanafaa zaidi.
- Vipande vya kadi, vitano kwa kila mwanafunzi.
- Karatasi ya hesabu yenye safu tano: jina, idadi ya zamu, zamu zilizozidi sekunde 20, mara alizoingia mwenyewe, mara alizoitwa na mwenzake.
- Ruhusa. Waeleze wanafunzi kwa nini unanasa sauti, nani atazisikiliza na zitafutwa lini, na ufuate utaratibu wa shule kuhusu wazazi. Anayehofia sauti yake kusambazwa hatazungumza, na utakuwa umepima hofu yake badala ya ustadi wake.

## Hatua ya 1: Nasa, kisha hesabu

Gawa darasa katika vikundi vya wanne. Wape kazi yenye uamuzi ndani yake, kwa mfano kuchagua vitu viwili vya kubeba kwenye safari ya mashua. Washa kinasa sauti, sogea mbali, waache dakika tano. Ukisimama karibu watazungumza na wewe, hata kama macho yao yako mezani.

Baadaye sikiliza ukiwa peke yako na uandike dakika moja tu, neno kwa neno, pamoja na vimya. Usiikwepe kazi hii. Dakika moja iliyoandikwa itakuonyesha mambo ambayo muhula mzima wa kusikiliza juu juu hauwezi kukuonyesha. Kikundi cha foleni husomeka hivi:

A: I think we should take the rope, because the rope can help us to climb and also can help us to tie the things.
— kimya, sekunde 3 —
B: I think we should take the torch, because at night it is dark.
— kimya, sekunde 4 —
C: I think we should take water, because water is important.
— D hasemi —

Sarufi ni nzuri, na hapo ndipo mwalimu anapodanganyika. Hakuna aliyemjibu mwenzake. Kamba, tochi na maji vimetajwa, lakini hakuna hoja iliyoguswa na mtu wa pili. Vile vimya navyo havitokani na woga: kila mmoja alikuwa kichwani mwake akipanga sentensi yake tangu mwanzo hadi nukta, wala hakumsikia aliyetangulia.

Sasa jaza karatasi ya hesabu kwa dakika zote tano. Utaona mojawapo ya sura tatu. Kwenye foleni, zamu ni ndefu, zinakaribia kulingana, na vimya ni virefu. Kwenye makelele, sauti zinagongana na sentensi nyingi hazifiki mwisho. Kwenye kikundi cha mzungumzaji mmoja, mtu mmoja ana nusu ya zamu zote au zaidi, na mmoja au wawili hawana hata moja.

Tahadhari: Usiwasomee wanafunzi hesabu hizi kwa majina. Ni zako kwanza.

Umefaulu ikiwa unaweza kusema darasa lako lina sura gani, kikundi kwa kikundi, na una dakika moja iliyoandikwa ya kulinganisha mwishoni.

## Hatua ya 2: Jitoe katikati

Kabla ya kuwarekebisha wanafunzi, jirekebishe mwenyewe. Mazungumzo ya darasani kwa kawaida hutembea kwa mapigo matatu: mwalimu anauliza, mwanafunzi anajibu, mwalimu anapima jibu kwa "Good" au "Not quite". Angalia zamu zilivyogawanyika: mbili kati ya tatu ni zako, na ni wewe unayeamua nani anafuata. Mwanafunzi aliyekaa miaka katika mpangilio huo hajawahi kuhitaji kuingia mwenyewe. Halafu siku moja unamwambia "Discuss" na kushangaa hajui aanzie wapi.

Fanya mambo mawili. La kwanza, subiri. Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani aliyechunguza madarasa kwa miaka mingi, alibaini kwamba baada ya kuuliza swali walimu husubiri takribani sekunde moja tu. Waliporefusha hadi sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi walijitokeza. Hesabu tatu kimoyomoyo baada ya swali, na, hili ndilo husahaulika, hesabu tatu nyingine baada ya jibu. Kile kimya cha pili ndicho mlango wa mwanafunzi mwingine kuingia.

La pili, acha kupima kila jibu. Badala ya "Good", geuza uso kwa darasa na useme "Anyone want to answer her?" au nyamaza tu. Mwanzoni watakutazama wewe. Tazama daftari lako.

Umefaulu ikiwa mwanafunzi mmoja amemjibu mwenzake moja kwa moja bila kupitia kwako. Mara mbili katika kipindi kizima zinatosha kusonga mbele.

## Hatua ya 3: Zoeza sikio kabla ya mdomo

Walimu wengi huiruka hatua hii kwa sababu haionekani kama kuzungumza. Ukiiruka, zinazofuata hazitashika.

Utafiti wa mwaka 2009 uliolinganisha lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia ulionyesha kwamba kati ya swali na jibu watu hupitisha, kwa wastani, takribani milisekunde 200, yaani sehemu ya tano ya sekunde. Lakini kutaja jina la kitu kimoja tu unachokiona kwenye picha, hata kwa lugha yako mwenyewe, huchukua takribani milisekunde 600. Hesabu hizo mbili haziwezi kukaa pamoja isipokuwa kwa njia moja: msikilizaji huanza kuandaa jibu wakati mwenzake bado anazungumza, kwa kubashiri atamalizia wapi.

Mwanafunzi wako anayekaa kimya mara nyingi hubashiri vizuri sana kwa lugha ya nyumbani. Kwa Kiingereza, hungoja hadi sauti ikatike, ndipo aanze kupanga. Wakati anafungua kinywa, zamu imeshachukuliwa. Hili likijirudia mara kumi kwa siku, naye huamini kwamba hana la kusema.

Cheza mazungumzo yako yaliyonaswa. Mara ya kwanza wasikilize tu. Mara ya pili, kila mmoja ainue mkono pale anapohisi msemaji *anakaribia* kumaliza, si pale alipomaliza. Simamisha sauti hapo hapo na uulize: umejuaje? Watataja wenyewe karibu kila kitu unachotaka kuwafundisha. Sentensi imekamilika kisarufi. Sauti imeshuka, au imepanda kwa swali. Neno la mwisho limevutwa. Msemaji amesema "so, yeah" au "you know".

Ongeza jambo moja ambalo wazungumzaji wa Kiswahili hulikosa. Sisi mara nyingi huweka neno la kuulizia mwishoni: "Umemwona nani?", "Mnaenda lini?" Msikilizaji huzoea kungoja mwisho. Kiingereza huliweka mwanzoni: "Who did you see?" Kwa hiyo asikiaye "Who" au "When" ameshajua aina ya jibu linalotakiwa, na ana sentensi nzima ya kujiandaa. Fanya zoezi la dakika tano: soma neno la kwanza la swali, "When", na kabla hujaendelea wanafunzi waseme jibu litahusu nini. Wakati. "How many"? Idadi. Kasi yao itapanda palepale.

Tahadhari: Usitumie vipande vifupi vya sentensi mojamoja. Kubashiri kunahitaji muktadha.

Umefaulu ikiwa mikono mingi inainuka kabla sauti haijakatika.

## Hatua ya 4: Maneno ya kuingilia, machache na ya haraka

Usiwape orodha ya vishazi ishirini. Watainakili, wataikariri na hawataitumia, kwa sababu kuchagua kimoja kati ya ishirini kunachukua muda kuliko zamu yenyewe.

Wape vitatu vya kuingia: "Yeah, but…", "Well…" na "Can I say something?" Vitatu vya kushikilia zamu: "Let me finish", "I mean…" na "How do you say…" Basi.

Sababu ya kuanza na vidogo hivi ni ya kiufundi. "Yeah, but" hutoka kinywani bila kufikiri, na mara tu ikishatoka, zamu ni yako. Sasa una nafasi ya kupanga sentensi. Mwanafunzi anayengoja sentensi yote iive ndipo aingie anashindana na watu wanaoingia na neno moja. Mwambie waziwazi: ingia kwanza, panga baadaye.

Zoezi ni hili. Wawili wawili. Mmoja anasema kauli yoyote rahisi, kwa mfano "Mornings are better than evenings". Mwingine lazima aanze kutoa sauti kabla ya sekunde moja kupita, kwa mojawapo ya viingilio vitatu, kisha amalizie awezavyo. Wabadilishane. Darasa zima lifanye kwa wakati mmoja, kwa kelele. Kelele hizo zina kazi: katika madarasa mengi ya jinsia moja, anayejaribu Kiingereza mbele ya wenzake hutaniwa kwamba anajidai, na watu arobaini wakizungumza pamoja hakuna anayesikika vya kutosha kutaniwa.

Ongeza viitikio vya msikilizaji. Kwa Kiswahili hakuna anayesimulia kitu bila kuitikiwa "ehe", "enhe", "kumbe!" Kwa Kiingereza wanafunzi hao hao hukaa kimya kama wanasikiliza hotuba ya mgeni rasmi, na msemaji huhisi hasikilizwi, hivyo hukatisha. Wape "mm-hm", "right" na "really?" Sisitiza kwamba viitikio hivi haviombi zamu. Msemaji akisikia "mm-hm" aendelee, asinyamaze.

Tahadhari: Usisahihishe sarufi katika hatua hii hata kidogo. Ukimkatiza mwanafunzi kwa sababu ya kiambishi kilichokosewa, umemnyang'anya zamu aliyoipata kwa jasho, tena mbele ya wote.

## Hatua ya 5: Wafundishe walio wepesi kukabidhi

Kama una muda wa hatua moja tu, chagua hii.

Mpangilio wa zamu katika mazungumzo, kama mwanasosholojia wa Marekani Harvey Sacks na wenzake wawili walivyoueleza mwaka 1974, una kanuni tatu zinazofuatana. Msemaji akimteua anayefuata, huyo ndiye mwenye haki ya kuzungumza. Asipomteua mtu, anayeanza kwanza ndiye anayeipata zamu. Asipojitokeza mtu, msemaji anaweza kuendelea.

Ziandike ubaoni kwa maneno rahisi na wanafunzi waziangalie vizuri. Kanuni ya pili ni mashindano ya kasi, na mwenye Kiingereza chepesi atashinda daima. Kanuni ya tatu humzawadia tena yule yule. Ni ya kwanza tu inayomwezesha mwanafunzi wa polepole kupata zamu bila kukimbizana, nayo imo mikononi mwa msemaji, si mwake. Ndiyo maana kumhimiza mkimya "jitokeze" hakuzai matunda, ilhali kumfundisha mzungumzaji kukabidhi hubadilisha kikundi ndani ya kipindi kimoja.

Kukabidhi kuna sehemu tatu: kumtazama mtu, kumtaja jina, na kuuliza swali linalojibika. Sehemu ya tatu ndiyo ngumu. "What do you think?" ni swali pana mno kwa anayehangaika, linamtaka atunge maoni na sentensi kwa wakati mmoja huku watu watatu wakimkodolea macho. Linganisha na "Rope or torch?" au "Do you agree with her?" Hapo neno moja linatosha kuingia, na akishaingia, mara nyingi anaongeza "because". Wafundishe wanafunzi wepesi kuanza na swali la chaguo, wangoje sekunde tatu, kisha waulize "Why?"

Fanya hivi. Katika kila kikundi, mwanafunzi mwenye zamu nyingi zaidi kwenye hesabu yako apewe jukumu la siri, kwenye kikaratasi: "Leo usimalize zamu yako bila kumpa mtu mwingine kwa jina. Usimpe yule yule mara mbili mfululizo." Usimpunguzie muda wa kuzungumza, wala usimkaripie. Anayependa kuzungumza hufurahia kuliongoza kundi akipewa njia ya kuliongoza.

Tahadhari: Kumtaja mtu ghafla kunaweza kuwa mtego, hasa pakiwa na chuki au utani wa muda mrefu kati ya wawili. Ukiona anayetajwa anacheka kwa aibu au kuinamisha kichwa kila mara, badilisha kikundi.

Umefaulu ikiwa safu ya "mara alizoitwa na mwenzake" imeacha kuwa sufuri, na aliyekuwa bila zamu ana walau tatu. Zikiwa za neno mojamoja, zihesabu pia.

## Hatua ya 6: Kazi inayolazimisha kupokezana

Mada kama "Umuhimu wa elimu" huzaa hotuba kwa sababu kila mtu anaweza kuimaliza peke yake. Unahitaji kazi isiyomalizika bila mwenzako.

Iliyo bora kuliko zote ni ile ya taarifa zilizogawanywa. Kila mmoja kati ya wanne apewe kipande cha habari ambacho wengine hawana, kwa mfano ratiba yake ya wiki, na kikundi kitafute saa moja ambayo wote wana nafasi. Hakuna anayeweza kunyamaza, na zamu zinakuwa fupi zenyewe: "Tuesday at four?" "No, I have practice." "After?" Inayofuata kwa ubora ni kupanga vitu vitano kwa umuhimu, kwa sharti kwamba wote wakubaliane.

Kadi unazitumia hapa. Kila mwanafunzi huweka kadi moja mezani kila anapochukua zamu, na zikiisha hana zamu tena. Zinamfunza msemaji mwingi uchaguzi, na zinaonyesha kwa macho nani bado amezishika. Lakini zitumie mara mbili au tatu tu. Baada ya hapo wanafunzi huanza kusema lolote ili kadi ziondoke, na umerudi kwenye foleni, safari hii yenye karatasi.

## Hatua ya 7: Tibu sura ya darasa lako, si jinsia yake

Hapa ndipo walimu wa madarasa ya jinsia moja hupotea zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuna picha mbili zinazotembea katika vyumba vya walimu: wasichana ni waoga, wanahitaji kutiwa moyo, wavulana ni watundu, wanahitaji kutulizwa. Mwalimu anayeingia na picha hiyo huiona hata isipokuwepo. Wasichana wa kundi la makelele huambiwa "hamjambo leo, mmechangamka" na hakuna anayewafundisha kumaliza hoja. Wavulana wa kundi la foleni huitwa wenye nidhamu, na wanahitimu bila kujua kumjibu mtu kwa Kiingereza.

Matokeo ya tafiti kuhusu jinsia na mazungumzo hayahamishiki kirahisi kuja darasani kwako. Ule unaotajwa sana, wa wanasosholojia wa Marekani Don Zimmerman na Candace West wa mwaka 1975, uliona wanaume wakiwakatiza wanawake mara nyingi mno. Lakini matokeo hayo ni ya mazungumzo ya mwanamume na mwanamke, na sampuli ya utafiti huo ilikuwa ndogo. Hauwezi kukuambia wasichana thelathini wakiwa peke yao watafanya nini. Wala kuwaondoa wavulana hakuondoi ukubwa na udogo. Hubaki mwenye Kiingereza cha nyumbani na asiye nacho, maarufu na mgeni, kiranja na asiye kiranja, na marafiki wa chanda na pete wanaopeana zamu wao kwa wao.

Kwa hiyo rudi kwenye karatasi yako ya hesabu.

Foleni: Piga marufuku "I think" kama mwanzo wa zamu kwa kipindi kimoja. Kila zamu lazima ianze na kitu kutoka zamu iliyotangulia: neno lililosemwa, swali, au kukubali na kukataa. Rudia kwa nguvu zoezi la sekunde moja la Hatua ya 4.

Makelele: Usikimbilie kuwanyamazisha. Sauti kugongana kuna aina mbili. Wapo wanaozungumza pamoja kwa sababu wamezama katika jambo moja. Mmoja anamalizia sentensi ya mwenzake na wote wanasonga. Hiyo ni afya, na marafiki wengi huzungumza hivyo. Na wapo wanaonyang'anyana. Kipimo ni rahisi: sikiliza baada ya mgongano. Je, hoja ya wa kwanza ilifika mwisho, na yeye mwenyewe au mwenzake? Ikiwa ilifika, waache. Ikiwa imekufa, fundisha "Let me finish" na "Sorry, go on", na uweke sharti kwamba anayemkatiza mwenzake ndiye atakayemrudishia zamu: "You were saying?"

Mzungumzaji mmoja: Hatua ya 5, pamoja na kuvunja vikundi. Waweke wazungumzaji wakubwa katika kikundi kimoja kwa vipindi kadhaa. Watajifunza kugombea zamu kati yao, na katika vikundi vilivyobaki patatokea sauti ambazo hukuwahi kuzisikia. Baada ya hapo wachanganye tena.

Angalia pia nafasi yako wewe. Ukiwa mwalimu mwanamume katika darasa la wasichana, au mwanamke katika darasa la wavulana, huenda wewe ndiye mtu pekee wa jinsia nyingine anayezungumza nao Kiingereza, na kila zamu yao kwako ni ya kujibu. Wape nafasi ya kukuuliza, kukupinga na kukukatiza kwa adabu. Tenga dakika tano ambazo unatoa maoni yenye kasoro kwa makusudi, nao kazi yao ni kuingia kwa "Yeah, but" kabla hujamaliza.

## Hatua ya 8: Watoe nje ya sauti walizozizoea

Wanafunzi waliokaa pamoja miaka minne wanajuana hata pumzi. Wanajua nani ataanza na nani atacheka. Nje hawatakuwa na msaada huo: usaili wa kazi, chuo, ofisi, simu ya mtu wasiyemjua, mara nyingi wa jinsia nyingine na mwenye lafudhi ngeni.

Basi tumia rekodi zenye sauti mchanganyiko, za wanaume na wanawake, wazee na vijana. Simamisha sauti pale msemaji anapomaliza na mwanafunzi aingie yeye, kana kwamba ameketi nao. Alika walimu wenzako, mwanamume na mwanamke, waketi na vikundi kama wazungumzaji wa kawaida, na uwaombe wasimpime mtu. Fanya pia mazungumzo ya simu yasiyo na picha, wawili wakiwa wamepeana mgongo. Macho na mikono havionekani, sikio linabaki peke yake, na Hatua ya 3 inapimwa kweli.

Kwa mikutano ya video, waeleze kwamba mtandao huchelewesha sauti kidogo na kwamba ucheleweshaji huo unaweza kuwa mrefu kuliko nafasi ya kawaida kati ya zamu. Wawili wataanza pamoja na wote watanyamaza pamoja. Humo kutaja jina ni lazima.

Tahadhari: Maigizo ambamo wavulana wanaigiza wasichana, au kinyume chake, kwa kawaida huishia kwenye kejeli. Hayafundishi kupokezana zamu na watu halisi.

## Hatua ya 9: Nasa tena, kisha toa alama

Rudisha vikundi vya Hatua ya 1, watu wale wale, kazi ya aina ile ile, dakika tano. Andika dakika moja. Ukiwa umefuata hatua, itafanana na hii:

A: We should take the rope, because…
B: Yeah, but rope is heavy. What about torch?
C: Torch? For what?
A: For night.
C: Mm. Okay. D, rope or torch?
D: Torch. And rope.
B: Both?
D: Yes, because… how do you say… we are four. One carry rope, one carry torch.

Sarufi imeshuka kuliko mwanzo, na mkaguzi asiyejua ulichokuwa unafundisha anaweza kukuuliza maswali. Lakini kila zamu imeshika iliyotangulia, kimya kirefu hakipo, D ameitwa, ameingia, ameishikilia zamu yake kwa "how do you say", na ametoa wazo ambalo hakuna mwingine alikuwa nalo. Sarufi utairudia kesho, ukitumia dakika hii hii kama somo.

Sasa unaweza kuwaonyesha hesabu, ya kwanza na ya pili, kwa kikundi na si kwa mtu. Ukitoa alama, gawanya kwa mambo manne: ameingia mwenyewe, ameunganisha na zamu iliyotangulia, ameshikilia zamu alipokwama, amemkabidhi mwenzake. La mwisho lipewe uzito sawa na la kwanza. Mitihani ya kimataifa ya kuzungumza nayo hupima hili: katika B2 First ya Cambridge watahiniwa huzungumza wawili wawili na kupewa alama za mwingiliano kando na za sarufi na matamshi, na mshirika anaweza kuwa mtu yeyote.

## Ukikwama

Vimya havipungui: rudi Hatua ya 3, sikio bado halijaamka. Wanaingia lakini wanaishia nusu ya sentensi: rudia vishazi vya kushikilia zamu vya Hatua ya 4, hasa "I mean" na "How do you say". D bado hana zamu: chunguza wanaoketi naye kabla ya kumchunguza yeye, na uhesabu ni mara ngapi jina lake limetajwa. Vikundi vinahamia Kiswahili: kazi ni ngumu mno kwa Kiingereza chao, irahisishe hadi zamu za neno moja zitoshe kuimaliza.

Nasa tena baada ya muhula, bila kutangaza siku.